Unga wa Kumshinda Kulwa

Kama jana ulifanya kazi ya kufa mtu, au mazoezi ya kujionyesha, na leo mkojo wako una rangi ya chai ya rangi, acha kusoma hapa uende hospitali. Utaendelea ukiwa kwenye foleni, muda utakuwepo. Mimi nilichelewa siku tatu, na nusura nibaki bila figo hata moja.

Naitwa Maduhu. Natunza mafaili katika ofisi moja ya serikali hapa Bariadi mjini. Kazi yangu ni kukaa, kuinuka kidogo kufungua kabati, kisha kukaa tena. Nilizaliwa Mkula, kule Busega, kwenye majaruba ya mpunga, lakini mimi na jembe tuliagana nilipokwenda sekondari na hatukutafutana tena mpaka nilipooa.

Mke wangu Minza ni wa Ngulyati. Kwao kuna utaratibu: mvua za kwanza zikinyesha, wanaume wote waliooa pale wanaitwa kulima shamba la pamba la baba mkwe wao, Mzee Luhende. Ngoma ya bugobogobo inapigwa pembeni ya shamba, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo, na mpigaji akiongeza kasi nawe unaongeza. Majirani wanakuja kutazama. Hakuna kikombe wala cheti. Kuna macho tu, yanayosubiri kuona nani ataacha mstari.

Mwaka wangu wa kwanza niliacha mstari kwenye tuta la tatu. Nilipewa ndoo nikachote maji na wasichana, na kuanzia siku hiyo Ngulyati nzima ikaniita Faili. Aliyemaliza wa kwanza alikuwa Kulwa, mume wa dada yake Minza, mkulima mwenye mgongo mpana kama mlango. Kulwa hana majivuno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinipigapiga begani akasema, "Pole, Maduhu. Utazoea." Pole ile nilikaa nayo mwaka mzima.

Ndipo nikamwendea Kocha. Kocha ana chumba cha mazoezi nyuma ya gereji moja pale mjini, vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Anasema amesomea kazi hiyo. Hajawahi kusema wapi. Nilimwambia nina miezi miwili ya kumshinda mtu aliyezaliwa na jembe mkononi. Akanitazama kutoka juu hadi chini, safari ambayo haikuchukua muda, akasema, "Kwa mazoezi peke yake, kaka, hapana." Akatoa makopo mawili. La kwanza lilikuwa na unga mweupe wa kujenga misuli, na picha ya mwanaume asiye na shingo. La pili lilikuwa na unga wa waridi wa kuamsha mwili. Maelezo yaliandikwa kwa lugha ambayo si mimi wala Kocha aliyeielewa, isipokuwa namba moja iliyokuwa karibu na mchoro wa kijiko.

Mimi nilitia vijiko vitatu. Nilichanganya na maziwa mgando, maana kwetu kitu kisichopita kwenye maziwa hakina nguvu. Unga wa waridi ulikuwa na tabia yake: dakika kumi baada ya kuunywa masikio yanawasha, midomo inachezacheza, na mtu unajisikia kuhamisha nyumba. Makopo niliyaficha kwenye mfuko wa pembeni wa begi la mazoezi. Minza niliamua asijue, kwa sababu Minza hasemi uongo, na shida ya mtu wa namna hiyo ni kwamba anataka na wewe usiseme.

Siku ya kulima ilifika, jua likawa kali kabla hata ya saa nne. Nilikunywa vijiko vitano vya unga wa waridi nyuma ya ghala. Maji sikunywa, nisije nikaonekana wa mwaka jana. Ngoma ilipoanza, Kulwa alikuwa kulia kwangu, na kwa mara ya kwanza tulikwenda bega kwa bega. Tuta la tatu likapita. La kumi likapita. Mikono iliacha kuuma ikawa kama ya mtu mwingine, nikaona hiyo ni dalili njema. Mpigaji ngoma akaongeza kasi, Kulwa akanitazama kwa mshangao, na nilipofika mwisho wa shamba yeye alikuwa bado ana hatua kama nane. Vigelegele vilipigwa. Mama mkwe alinitumia jogoo kupitia kwa mtoto, maana hatukaribiani. Mzee Luhende alisimama mbali, akanipungia kofia. Sitaficha, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Furaha ilidumu hadi kwenye bodaboda. Sikuweza kuinua mguu kupanda. Dereva na abiria mwenzangu walinipakia kama gunia la pamba, na jogoo akawekwa mapajani.

Kesho yake niliamka na mikono ya yule mwanaume wa kwenye kopo. Ilikuwa imevimba, imekaza, inang'aa, na haikunjiki. Sikuweza kujifunga kifungo, kuchana nywele wala kufikisha simu sikioni. Minza alinilisha uji kwa kijiko mkono mmoja, mkono mwingine akinyonyesha mtoto wetu wa miezi miwili, akasema, "Mimi niliolewa na Maduhu mwembamba. Huyu mwenye mikono amenijia lini?" Nikacheka, na kucheka kwenyewe kukauma mbavu zote.

Kisha nikaenda chooni nikaona ile rangi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi watu wa majaruba tu tunaoweza kulifanya kwa utulivu kiasi kile. Mkojo mwekundu hautushtui. Nilipokuwa darasa la nne, mvulana ambaye hajawahi kukojoa damu tulimwona bado mtoto. Tulijipanga nyuma ya choo cha shule tukilinganisha. Kichocho kilikuwa kama mafua. Kwa hiyo nilimpigia simu mama yangu Mkula, simu ikiwa juu ya mto na mimi nimelala ubavu.

"Mayu, nakojoa mwekundu."

"Kichocho hicho," akasema bila hata kuvuta pumzi. "Umekaa nacho tangu utoto, kimelala. Jembe limekiamsha. Meza dawa."

Nikaagiza dawa za kichocho. Kocha naye, nilipomweleza kuhusu mikono, alikuja na vidonge vya maumivu, akasema nimeze viwiliviwili bila kuhesabu. Siku ya pili mkojo ukawa mweusi. Siku ya tatu ukawa haba, kijiko cha chai kwa nusu siku, na uso wangu ulivimba macho yakabaki nyufa. Nilitapika uji. Minza hakuniuliza tena. Alimfunga mtoto mgongoni, akaita bajaji, akanisukuma ndani kwa goti.

Niseme kidogo kuhusu benchi la hospitali, kwa sababu utalikalia. Nilikaa na mikono imesimama mbali na mwili kama shati lililoanikwa, watu wawili wakalazimika kukaa sakafuni. Pembeni yangu alikuwepo bibi mmoja aliyekuja na mjukuu, na kwa heshima zetu hatukuweza kukaa kimya.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu."

"Ginehe?"

"Mhola," nikajibu, yaani kwema kabisa. Sina figo, nasema mhola. Salamu zetu hazina nafasi ya jibu jingine. Bibi alinitazama mikono, akanitazama uso, akamwambia Minza taratibu, "Mhola yake hii ipelekeni dirishani mbele ya wote." Watu wakatupisha. Yule bibi sikupata jina lake, na mpaka leo namwombea.

Daktari alikuwa dada kijana anaitwa Rehema, ana maneno ya Dar na macho yasiyodanganyika. Alibonyeza mkono wangu, kidole kikaacha shimo.

"Kaka, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nimelima, daktari."

"Umelima au umelimwa?"

Majibu ya damu yalipotoka aliyasoma mara mbili, utani ukamwisha. Alisema misuli yangu imeumia vibaya na takataka zake zimekwenda kuzisumbua figo. Nitawekewa maji ya mshipani, mengi. "Leo ni Jumatatu. Mkojo ukirudi, tumevuka. Usiporudi hadi Alhamisi asubuhi, tunakupeleka Mwanza ukawekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Sasa niambie ukweli, kwa sababu tiba inategemea hapo. Umetumia dawa yoyote? Unga wa mazoezi? Mitishamba?"

Mwaka mzima wa maisha yangu ungeweza kwenda tofauti kwa jibu hilo moja. Lakini miguuni pa kitanda alikuwa amesimama Mzee Luhende, kofia mkononi, ndiyo kwanza anashuka kwenye basi. Alikuwa amekuja kumwona mkwilima wake, mkwe aliyewashinda wote.

"Hapana, daktari," nikasema. "Ugali na maziwa tu."

Mzee akatikisa kichwa kwa fahari. "Nguvu za kuzaliwa hizo," akamfafanulia daktari.

Likaja suala la nani atanihudumia wodini. Mtoto mchanga haruhusiwi kuingia, kwa hiyo Minza hawezi kukaa. Mama yangu miguu yake haimruhusu safari. Tulikuwa bado tunapiga hesabu ya mabinamu wakati Mzee Luhende aliposema, "Mimi nipo."

Nikatamani Mwanza ije mapema. Katika nyumba ile, mkwe na baba mkwe hawali sahani moja, hawashikani mikono, na ukimwona anakuja njiani unapisha. Kwa miaka miwili mimi na mzee tulikuwa tumezungumza maneno machache, yote nikiwa nimeinama. Sasa daktari akamkabidhi jagi la plastiki lenye mistari. Kila tone la mkojo wangu lilitakiwa lipimwe, na mimi mikono yangu haikuweza kushika jagi wala kingine chochote.

Tulitazamana. Yaani hatukutazamana. Mzee alifikiri, akachukua jagi, akanigeuzia mgongo, akalishika nyuma yake kama mtu anayeficha zawadi, uso ameuelekeza dirishani.

"Sogea," akasema. "Mimi siko hapa."

Nikasogea. Wakati huohuo akapita mtu wa Ngulyati nje ya dirisha, akamsalimia. Mzee akajibu salamu yote, ya yeye, ya mke, ya watoto, ya ng'ombe, mimi nikihangaika nyuma yake na figo zangu. Matone mawili. Alilipeleka jagi kwenye mwanga, akalipima kwa jicho lile alilotumia miaka yote kwenye mzani wa pamba, jicho la mtu asiyekubali kupunjwa.

"Haujafika mstari," akasema kwa huzuni, na wodi nzima ikasema pole.

Jumanne chupa tano za maji ziliingia mwilini, na jagini hazikutoka. Nilivimba hadi miguuni. Minza alikuja chini ya dirisha akamwinua mtoto nimwone. Nilitaka kumshika hata kidole. Mkono haukufika hata kwenye nondo za dirisha. Nililia pale mbele ya wagonjwa kumi na wawili, na Minza naye akalia, akaniambia kwa hasira, "Usife kwa ajili ya jembe, Maduhu. Unanisikia?" Nilimsikia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na bado sikusema kuhusu unga. Mzee alikuwa amesimama pale pale akiwasimulia wagonjwa jinsi mkwilima wake alivyomaliza mstari.

Mbaya zaidi, nilikuwa bado na vidonge vya Kocha. Mikono ikiuma nilimwomba mgonjwa wa jirani animwagie viwili juu ya mto, nikavidonoa kwa midomo kama kuku.

Jumatano asubuhi niliamka nikamkuta mzee hayupo. Aliyelala karibu na mlango akasema, "Baba yako anafagia." Nikadhani anafagia chini ya kitanda. Kumbe alikuwa amefagia wodi, varanda, uwanja wote wa mbele, na sasa alikuwa anang'oa majani kando ya ukuta, mtu wa miaka sabini mwenye magoti mabovu. Walinzi wamesimama wanamtazama. Alirudi ndani akitokwa jasho, akaosha majagi ya wodi nzima, akauliza nani mwingine ana kitu cha kuoshwa. Kisha akaanza kujikuna masikio.

Nikatazama vizuri. Alikuna sikio la kulia, la kushoto, akajipangusa midomo iliyokuwa inachezacheza.

"Baba," nikasema, "umekula nini?"

"Chai tu." Akasita. "Minza alikuletea begi la nguo. Nilikuta kwenye mfuko wa pembeni maziwa ya kopo, ya waridi. Wewe umekatazwa kula vitu vingi, nikaona yataharibika. Tangu jana nanywa na chai." Akanyoosha goti, akalikunja, akalinyoosha tena. "Haya maziwa ni mazuri, mkwilima. Yanauzwa wapi?"

Niliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Daktari Rehema akaja mbio akifikiri nimekata roho. Nikasema yote, palepale, mbele ya wodi: kopo jeupe, kopo la waridi, vijiko vitatu, vijiko vitano, nyuma ya ghala. Nikasema na vidonge vya Kocha. Daktari akainua mto wangu, akavikuta sita.

"Kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mimi namimina maji figo ziokoke, wewe unavimeza hivi viziue? Hivi ndivyo vinavyozimaliza figo zako." Akavitia mfukoni. Akabadilisha maagizo kwenye faili langu. Kisha akamgeukia mzee, akamkalisha kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akamfunga mkanda wa kupima presha.

Mzee Luhende alikaa mkono umenyooshwa, akiutazama mkanda. Moyo wake ulikuwa unakimbia, daktari akasema abaki chini ya uangalizi hadi utulie. Mimi nilitazama ukuta. Sikuwa tena mkwe aliyeshinda, nilikuwa Faili aliyedanganya, na nilifikiri kwamba hata nikipona sitaweza kukanyaga Ngulyati.

"Kwa hiyo Kulwa ulimshinda kwa unga," akasema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimefagia hospitali ya watu kwa unga."

"Ndiyo, baba."

Nilisikia kitanda chake kinatikisika. Nilidhani amezidiwa, kumbe mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mkanda wa presha ukalia, daktari akamkaripia, akacheka tena. Kisha akaacha ghafla, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, "Ng'wana wane, wewe umenipa mjukuu. Nani alikwambia nahitaji jembe lako?"

Mwanangu, ndiyo alivyoniita. Sikuwa na mkono wa kufutia macho.

Mchana ule jagi lilipita mstari wa kwanza. Jioni likapita wa pili, weusi umeanza kufifia. Alhamisi asubuhi gari la kwenda Mwanza lilikuwa limewekwa tayari, dereva anakula mihogo, na mzee akatoka hadi varandani amelinyanyua jagi kwa mikono miwili, anatangaza, "Nusu lita! Nusu lita, na rangi ya bia!" Wagonjwa walipiga makofi. Nesi mmoja alipiga kigelegele. Daktari Rehema alilichukua jagi, akalitazama, akamwambia dereva amalizie mihogo yake bila haraka.

Nilikaa wodini wiki mbili na siku mbili. Nilipotoka, pamba ya Ngulyati ilikuwa na majani manne. Ilipotoa maua niliweza kuchana nywele. Ilipofunga vitumba nilimbeba mtoto mwenyewe, kwanza nikiwa nimekaa, Minza akiwa ameweka mikono chini ya yangu kwa tahadhari. Minza hakunisamehe haraka. Kwa mwezi mzima kila alichonipa kula alikitaja jina kwanza: "Huu ni ugali. Huu ni mlenda. Hakuna kingine." Pamba ilipopasuka na watu wakaanza kuvuna, vipimo vyangu vilirudi kawaida, na mikono yangu ilikuwa myembamba kama zamani. Kocha alikuja kuniomba radhi, akaondoa makopo kwenye chumba chake cha mazoezi, nami nimemwamini, ingawa napitapita kuangalia.

Msimu huu mvua zilipoanza niliitwa tena Ngulyati. Daktari amenikataza jembe, nikapewa kazi ya maji, na safari hii kwa amri ya mzee: kila matuta mawili ngoma inanyamaza, kila mtu anakunywa kikombe. Jua lilikuwa kali vilevile. Kulwa peke yake hakunywa. Alisema anataka amalize mstari wake na wangu pia, nisidaiwe na mtu, akaurudishia mkono wangu kikombe kikiwa kimejaa. Alilima mistari miwili hadi mwisho bila kusimama. Watu wakamshangilia, na mimi nikashangilia kwa moyo wote.

Siku mbili baadaye alinipigia ofisini.

"Maduhu," akasema. "Ule mkojo wako wa mwaka jana. Ulikuwa wa rangi gani hasa?"

Nilisimama. "Chai ya rangi. Wako?"

"Huenda ni kichocho tu."

"Kulwa, mikono inakunjika?"

Akasema, "Simu ameishika mke wangu."

"Usimeze kidonge chochote. Kunywa maji. Nakuja na gari sasa hivi."

"Njoo peke yako," akasema. "Tafadhali, usimwambie mzee."

"Namwambia nikikata simu," nikasema. "Tunakuja naye."